Tulipozima Moto kwa Ajili ya Gavana

Wajukuu wangu wakiniuliza gavana wa Wajerumani alikuwa mtu wa namna gani, huwaomba kwanza wasinicheke. Niliishi chini ya magavana tangu utotoni mpaka Waingereza walipoingia, na sikumwona hata mmoja. Walikaa Dar es Salaam. Sisi tulikaa huku bondeni, upande wa Ikolo, kati ya migomba na ziwa, na serikali tuliyoiona kwa macho ilikuwa Bwana wa boma la Tukuyu, askari wake na mkalimani wake. Gavana tulimsikia tu, kama unavyosikia mvua inanyesha milimani ilhali kwako jua linawaka.

Basi nieleze polepole kama nilivyokuja kuelewa baadaye, na pale nisipoelewa nitasema. Bwana wa boma alikuwa na nguvu nyingi. Aliweza kumpiga mtu viboko, kumfunga, kumweka jumbe na kumwondoa, kutaka wapagazi na watu wa kulima barabara. Lakini nguvu zake zilikuwa na ukingo. Kifungo kifupi alikitoa mwenyewe na mambo yakaisha. Kifungo kirefu, na hukumu ya kifo, ilibidi apeleke habari Dar es Salaam na kungoja neno la gavana. Gavana akikubali, imekubaliwa. Akipunguza, imepungua. Ndivyo mtu ambaye hatukumwona alivyoingia ndani ya nyumba yangu, na nyumba yenyewe ilikuwa mpya, haijapata hata masizi ya kutosha darini.

Nilikuwa nimeolewa kwa muda mfupi tu. Askari mmoja alikuja kijijini kwetu kutafuta nyama ya wenzake, akashika kamba ya mtamba wa mume wangu. Mtamba yule alitoka kwenye mahari ya dada yake, na kwetu ng'ombe wa dada ndiye anayemwoza kaka. Huyo ndiye angekwenda kwa baba yangu kumalizia mahari yangu. Mume wangu alishika kamba upande wa pili. Wakavutana. Kisha mume wangu akachukua mpini wa jembe, na mkono wa askari ukavunjika.

Bwana wa boma alisikiliza kesi asubuhi moja akaimaliza. Mnyororo, muda mrefu, na autumikie pwani. Halafu mkalimani akaongeza kwamba maneno hayo yatakwenda kwa gavana kwanza, na mpaka jibu lirudi mfungwa atavunja mawe ya barabara hapo hapo Tukuyu.

Tukuyu tuliiweza. Ni mbali na kunapanda, lakini mtu aliweza kupeleka chakula. Pwani ndiyo iliyotutisha. Watu wa kwetu walioshuka pwani na mnyororo shingoni, wachache mno tuliwaona tena. Walikufa kwa homa, au kwa chakula wasichokizoea, au hatukuambiwa kwa nini. Kwa hiyo katika nyumba yetu swali lilikuwa moja tu: je, atakwenda pwani?

Nikarudi kulala kwa mama mkwe. Hapo lazima nieleze jambo jingine, kwa maana vijana wa sasa wameliacha. Kwetu, vijana wa kiume hujenga kijiji chao na baba zao hubaki katika chao, na sababu moja ni kwamba mke hapaswi kuonana na baba wa mumewe. Hamtazami, hasemi naye, hatamki jina lake. Akimwona njiani anaingia vichakani mpaka apite. Sasa mimi, mke kijana, nilikuwa naishi katika kijiji cha wazee, mlango wa tatu kutoka kwake. Nilitembea nimejifunika nguo kichwani, nikipita nyuma ya migomba kama mwizi wa ndizi. Nikitaka kumwambia neno, nilimwambia mama mkwe kwa sauti, naye baba mkwe aliyekaa upande wa pili wa ukuta alimjibu mama mkwe kwa sauti. Tulizoea. Mama mkwe ndiye aliyechoka.

Siku moja akapita mpagazi aliyetoka pwani, mtu wa huku huku, miguu imepasuka. Wazee wakampa maziwa ya mgando, akatoa habari.

"Gavana ameondoka," alisema. "Amekuja mwingine."

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikimenya ndizi. Nilimsikia baba mkwe akiuliza, "Amekufa?"

"Hajafa, tata. Amepanda meli akaenda kwao."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Walimpigia na muziki."

Akauliza, "Nani amemtoa?"

"Kaisari wao, aliye Ulaya. Ndiye aliyemleta, ndiye aliyemwita arudi."

Ili uelewe maswali yake, ni lazima ujue utawala wetu ulivyokuwa. Tulikuwa na malafyale, yaani mtemi, ambaye utemi wake ni wa damu. Chini yake kila kijiji kilikuwa na fumu, kiongozi asiye wa ukoo wa mtemi, aliyechaguliwa kwa akili yake, na akikosea aliweza kuondolewa. Baba mkwe alikuwa fumu. Mtemi akizeeka, huja siku ya wanawe kutokezwa kuwa watemi wapya, na siku hiyo mioto yote ya nchi huzimwa. Yote, mpaka ule wa bibi kizee asiyetoka kitandani. Moto mpya hupekechwa kwa vijiti, kila nyumba ikachukua kaa lake hapo. Mipaka hupangwa upya. Mtemi wa zamani haishi muda mrefu baada ya hapo, na hatakiwi kuishi. Maneno yake yaliyokuwa hayajakamilika hufa pamoja na moto wake.

Hayo ya mwisho ndiyo baba mkwe aliyashika. Kesi ya mwanawe ilikuwa haijakamilika. Ilipelekwa kwa gavana wa zamani, na gavana wa zamani hayupo. Kwa hiyo kesi imekufa. Tunachotakiwa kufanya ni kuzima moto na kwenda kuchukua mpya, ili yule mpya ajue kwamba sisi tumemkubali na ya zamani tumeyaacha.

Jirani yake, rika lake, mzee mfupi ambaye hakupata kukubaliana na mtu maishani mwake, alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe fumu mzima! Mtemi gani anaweza kutolewa kazini kama wewe? Anayeitwa akaenda, akitumwa akaja, huyo ni fumu. Kaisari ndiye mtemi. Na tangu lini tukazima moto kwa sababu ya fumu? Ulipowekwa wewe, nani alizima hata kijinga cha moto?"

"Fumu anaamua mtu afe au asife?"

"Hapana."

"Gavana anaamua?"

"Anaamua."

"Basi ni mtemi."

"Mtemi anapanda meli akiwa mzima, anapigiwa na muziki? Atazikwa wapi? Nani atakula ng'ombe wake?"

Nami nyuma ya ukuta niliona kwamba wote wawili walisema kweli, na kwamba kweli hizo mbili hazikai katika mtu mmoja. Tangu siku ile nimesoma, nimefundishwa misheni, nimewasikia walimu wakieleza serikali, na bado naona wale wazee waliliuliza swali vizuri kuliko lilivyojibiwa. Mtu anawezaje kuwa na uhai wa watu wote mkononi mwake, halafu mwenyewe ahamishwe kama fumu aliyegombana na kijiji?

Usiku ule nikamwambia mama mkwe kwa sauti, "Mama, kama gavana ni fumu tu, tukizima moto tutakuwa tumekosea?"

Sauti ya baba mkwe ikamjibu mkewe, "Mwambie mke wa mwanao kwamba kama ni fumu, tutakuwa tumelala na njaa. Kama ni mtemi na hatukuzima, mwanangu atakwenda pwani."

"Mmesikizana," alisema mama mkwe. "Mimi mnaniamsha ya nini?"

Asubuhi yake moto ukazimwa. Fumu aliamuru, na kijiji kilimheshimu, wengine kwa kumwonea huruma. Wanawake tulimwaga maji mafigani. Yule jirani alisema hazimi, kisha mke wake akazima, akabaki amekaa mbele ya jivu lake anatukana. Tulikula ndizi mbivu na maziwa ya mgando. Vijiji vya jirani vilituuliza kuna nini, tukasema gavana, nao wakauliza gavana amefanya nini, hapo tukashindwa kueleza.

Wazee wakafunga safari kwenda Tukuyu kuomba moto. Mimi na mama mkwe tuliwafuata kwa mbali, tumebeba ndizi kwa ajili ya mfungwa wetu, mimi nikiwa nyuma ya kila mtu ili kisogo cha baba mkwe kisigeuke kikawa uso. Tulilala njiani kwa ndugu. Kesho yake tukapanda mpaka baridi ikatushika.

Wafungwa walikuwa hawapo bomani, walikuwa barabarani. Wazee wakaingia uani mbele ya baraza la Bwana. Mimi nikasimama nje ya ukuta wa mawe, nimejifunika. Ilikuwa desturi yangu sasa kuisikia serikali kupitia ukuta.

Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kizuri, Kinyakyusa chake cha sokoni. Wazee walisema Kiswahili chao kama walivyoweza.

"Bwana anauliza mnataka nini."

"Ndaga, tunamsalimu," alisema baba mkwe. "Tumesikia kuna gavana mpya. Tumezima moto. Tumekuja kuchukua ule mpya."

Mkalimani akasema maneno mengi ya Kijerumani. Nikasikia kiti kikisukumwa. Bwana alisimama. Sauti yake ilibadilika, na mkalimani naye akabadilika.

"Nani amewaambia mzime moto?"

"Hakuna aliyetuambia."

"Mganga gani? Amewapa dawa? Maji? Amewaambia risasi haitawaingia?"

Vita vya kusini vilikuwa havijapita muda mrefu, na kila mtu alijua vilianzaje. Kijiji kizima kinafanya jambo moja siku moja bila kuamriwa na boma: kwa Mjerumani hilo halikuwa na jina jingine. Askari wawili wakasogea mlangoni. Nikawaza, tulikuja kuokoa mmoja, tutaacha wote.

Aliyetuokoa ni yule jirani mbishi, kwa ubishi wake.

"Dawa gani!" alipaza sauti. "Muulize Bwana jambo moja tu, nirudi nyumbani nikale. Gavana ni mtemi au ni fumu? Huyu anasema mtemi, ndiyo maana tuna njaa. Mimi nasema fumu. Aseme!"

Mkalimani hakuelewa. Wakamweleza. Baba mkwe akaeleza upande wake, jirani wake, wakakatizana, wakatukanana kama watu wa rika moja wanavyotukanana, kila mmoja akimwita mwenzake mtoto asiyenyolewa. Mkalimani akajaribu kuyageuza kuwa Kijerumani, akakwama, akarudi kuuliza, "Huyo fumu anaondolewa na nani?" wakamjibu, akaendelea. Ilichukua muda mrefu. Mwishoni nikasikia kitu ambacho sikukitegemea. Bwana wa boma alikuwa anacheka.

"Bwana anasema," mkalimani alisema, "gavana si mtemi wala si fumu. Gavana ni gavana."

Wazee wakangoja aendelee. Hakuendelea.

"Na kesi za yule aliyeondoka?" aliuliza baba mkwe. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Zimekufa?"

Mkalimani akauliza, akajibiwa. "Hazifi. Anasema mtu anaondoka, kiti hakiondoki. Neno lililopelekwa kwa yule, atalijibu huyu."

"Huyu anamjua mwanangu?"

"Hapana."

"Yule alimjua?"

"Hapana."

"Basi kiti ndicho kinachomjua?"

Hilo mkalimani hakulifasiri. Badala yake Bwana aliingia ndani, akatoka na kiberiti, akampa baba mkwe mkononi. Moto huo hapo, mrudi nyumbani mkapike, na siku nyingine msizime kitu bila kuuliza boma.

Nyumbani kiberiti kile kilikaa kwenye kigoda katikati ya wazee kama mgeni asiyejulikana anatoka wapi. Baba mkwe hakukubali kwamba moto wa mtawala unakaa kwenye sanduku dogo na kila mtu anaweza kuununua dukani kwa Mhindi. Jirani alisema huo ndio moto unaomfaa fumu. Wakabishana, nasi tunangoja na ndizi mbichi. Mwishowe mama mkwe alinyanyuka, akachukua kiberiti mbele ya wanaume wote, akavunja njiti kadhaa maana hakuwa amewahi kushika kitu hicho, akawasha. Tukagawana makaa nyumba kwa nyumba, kama siku ya mtemi. Sikujua nifurahi au niogope. Tulikuwa tumefanya desturi yetu yote, na hatukujua tumeifanya kwa nani.

Tukangoja jibu. Hapo ndipo nilipojifunza kazi kubwa ya gavana kwa mtu mdogo: kungojwa. Kila tarishi aliyepita njia ya juu tulimwuliza. Mama mkwe aliacha kusema usiku. Mimi nilipanga moyoni namna mbili za maisha, moja ya mke wa mtu wa Tukuyu na nyingine ya mjane asiye na kaburi, na kila nikiamka sikujua nimeamkia ipi.

Jibu lilifika wakati wa kuvuna maharage. Tuliitwa bomani. Safari hii mkalimani alitoka mwenyewe mpaka ukutani nilipokuwa, kwa kuwa sasa alikwishajifunza kwamba siwezi kuingia alipo baba mkwe.

"Mama," alisema, "gavana amejibu. Muda ni ule ule. Pwani haendi. Atatumikia hapa hapa."

"Kwa nini?"

"Kwa nini muda ni ule ule?"

"Kwa nini haendi?"

Alifikiri. Nadhani alitaka kunisaidia. "Labda barabara inataka watu. Labda gavana mpya hapendi wafungwa wajae kule. Labda Bwana wetu aliandika neno zuri baada ya siku ile ya kicheko. Mimi ninaambiwa majibu, mama. Sababu hazishuki mpaka kwangu."

Uani baba mkwe alikuwa anamwambia jirani kwamba ameona mwenyewe: neno la kale limekufa nusu kwa sababu moto ulizimwa, na lingekufa lote kama si mtu fulani aliyechelewa kuzima. Jirani alimjibu kwamba fumu mwenye huruma amefanya huruma, basi. Mpaka wanakufa, wote wawili, hawakukubaliana. Mimi nimewahi kuwaamini wote kwa zamu.

Nilishuka barabarani na kikapu. Wafungwa walikuwa wanavunja mawe kwenye kona ya mteremko, mnyororo mmoja ukiwapitia wote shingoni, na askari mwenye roho nzuri akaniruhusu. Mume wangu alikuwa amekonda, vumbi jeupe kichwani kama mzee. Nilikaa chini nikamfungulia jani la mgomba.

"Huendi pwani," nilimwambia.

Aliweka nyundo chini. "Nani amesema?"

"Gavana mpya."

"Ananijua?"

"Hakujui."

"Amenionea huruma?"

"Sijui. Mkalimani hajui. Baba yako anasema ni moto, jirani anasema fumu, Bwana anasema kiti."

Alinitazama kama mtu anayesikia lugha ya mbali. Nikaanza kumweleza tangu mpagazi, na mtemi, na meli, na muziki, na kiberiti, na jinsi mama yake alivyovunja zile njiti. Mwenzake aliyefungwa naye akaegemea karibu, akasema, "Shemeji, hiyo ya kiti irudie, sikuielewa."

"Hata mimi," nilisema.

Mume wangu alimega ndizi, akampa mwenzake kipande, kwa kuwa mnyororo haukuruhusu mmoja ale huku mwingine akitazama. Alitafuna polepole akiangalia bonde, huko chini ambako ziwa huonekana siku ikiwa safi.

"Muda ni ule ule?" aliuliza.

"Ule ule."

"Basi ukija tena," alisema, "lete na chumvi."